Uvira: Vijana wa Kasenga wanajua kazi, lakini nani atathibitisha ujuzi wao?

Katika kata ya Kasenga, mjini Uvira, kijana anayetaka kujifunza kazi ya mikono ana njia mbili. Ya kwanza ni ateliye. Mzazi au mjomba anampeleka kwa fundi seremala, fundi wa sudire, fundi wa kushona au fundi wa mota. Anaanza kwa kufagia, anabeba mbao na vyuma, anaangalia wakubwa wanavyofanya, na baada ya miaka miwili au mitatu mikono yake inajua kazi. Njia ya pili ni kituo cha mafunzo. Mradi wa shirika fulani, kanisa au serikali unamwandikisha, unamfundisha miezi sita au tisa, na siku ya mwisho anapewa breve mbele ya viongozi, huku picha zikipigwa.

Njia hizo mbili hazikutani. Anayetoka ateliye hana karatasi yoyote. Akienda Baraka, Kalemie au Bujumbura kutafuta kazi, hana cha kuonyesha isipokuwa maneno yake. Anayetoka kituoni ana karatasi, lakini mara nyingi mashine aliigusa mara chache. Akifika kwenye ateliye anaambiwa aanze upya, kwa kufagia.

Kila mara suala la vijana wasio na kazi linapozungumzwa Uvira, jibu linalotolewa ni kufungua vituo vingine. Lakini ukiangalia kwa karibu, kinachokosekana zaidi ni kamba ya kufunga pamoja ateliye na kituo, ili ujuzi wa mikono upate karatasi, na karatasi ipate ujuzi ndani yake.

Jambo hili linagusa maisha ya watu moja kwa moja. Kijana wa mwambao huu wa Tanganyika ambaye hana kazi ya kueleweka anavutwa na machimbo ya dhahabu ya Misisi, katika tarafa ya Fizi. Anavutwa na safari ya kuvuka ziwa bila mpango. Na anavutwa na makundi yenye silaha, ambayo hayamuombi mtu breve.

Mji unaojengwa upya kila mwaka

Hakuna anayeweza kusema Uvira haina kazi za mafundi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, maji yakaingia katika nyumba za kandokando, Kavimvira na kwingineko. Nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali ya udongo, zilizojengwa bila msingi wa kutosha. Mwashi anayejua kuchimba msingi kulingana na udongo wa mahali, kupanga mawe ndani ya nyavu za chuma ili kuzuia mmomonyoko, na kuinua sakafu juu ya kiwango cha maji, ni mtu anayehitajika kabla ya kila msimu wa mvua.

Maji ya kunywa pia yanahitaji mafundi. Uvira ni mji unaojulikana kwa kipindupindu cha kila mwaka. Mtandao wa REGIDESO ulitengenezwa na kupanuliwa kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa (AFD), Umoja wa Ulaya na Fondation Veolia. Lakini bomba likishafukiwa linahitaji mtu wa kulitunza: wa kubadilisha valvu, kuziba mahali panapovuja, na kuunganisha nyumba mpya bila kuingiza uchafu ndani ya mtandao. Fundi bomba mmoja asiyejua kazi anaweza kuharibu maji ya barabara nzima.

Kuna ziwa pia. Wavuvi wa ndagala na mikebuka wanahitaji watengenezaji wa mitumbwi, mafundi wa injini, na watu wa kutengeneza taa na betri zinazotumika usiku kuvuta samaki. Nchi nne zinazopakana na Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wapate kuzaana. Kwa familia ya mvuvi, hiyo ni miezi mitatu bila makuta. Kijana wa mtumbwini mwenye kazi ya pili mkononi anaipitisha miezi hiyo. Asiye nayo anakopa, au anavua kwa kujificha.

Kabla ya masomo kuanza mwezi wa tisa, kila mtoto anahitaji shati nyeupe na kitambaa cha bluu. Mota zinazopita barabara ya taifa nambari 5 zinaharibika kila siku. Na kwa sababu umeme wa SNEL unakatika mara kwa mara, nyumba nyingi zimeweka paneli za jua. Kazi zipo. Swali ni nani anazifanya, na anazifanya vipi.

Kinachofundishwa ateliye, na kisichofundishwa

Ateliye ndiyo shule kubwa zaidi ya ufundi katika mji huu, hata kama hakuna bango linalosema hivyo. Ina faida ambazo kituo hakiwezi kununua. Kazi ni ya kweli, mteja ni wa kweli, na kosa lina bei yake. Mwanafunzi anajifunza jinsi ya kuzungumza na mteja anayechelewa kulipa, jinsi ya kuchagua ubao usiopinda, na jinsi ya kumaliza kazi umeme ukiwa umekatika.

Lakini ateliye ina upungufu wake. Fundi anafundisha anachokijua, kwa namna alivyofundishwa. Mwashi mzuri wa Kasenga anajua kupima pembe ya nyumba kwa kamba: upande mmoja sentimita 60, wa pili 80, na kama umbali wa kati ya alama hizo mbili ni sentimita 100, pembe imenyooka. Anajua inafanya kazi. Kwa nini inafanya kazi, na jinsi ya kuitumia kwa paa lenye mteremko au kwa kiwanja kisicho mraba, mara nyingi hakuelezwa, naye hawezi kumueleza mwingine.

Katika kazi ya umeme, pengo hilo linagharimu zaidi. Chukua mfano wa familia inayotaka umeme wa jua. Ina taa 5 za wati 10 zinazowaka saa 6 kila usiku: hiyo ni wati-saa 300. Ina televisheni ya wati 60 inayowaka saa 4: wati-saa 240. Jumla ni 540. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini betri ya aina hiyo inakufa mapema ikizoea kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo inayofaa kutumika ni kama 600. Familia hiyo iko salama, kwa shida kidogo. Mwenye nyumba akiongeza friji, na fundi akaiunganisha bila kupiga hesabu, betri haitamaliza mwaka. Mteja atasema ameuziwa betri mbovu, wakati kosa lilikuwa la hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaiweza.

Ni vivyo hivyo kwa mashine ya sudire iliyounganishwa kwa waya mwembamba. Waya unapata moto ndani ya ukuta, na katika kata ambako nyumba zimebanana, moto wa nyumba moja haubaki kwa nyumba moja.

Upungufu wa pili ni makubaliano. Mara nyingi mzazi na fundi wanakubaliana kwa mdomo: kiasi cha kulipa, muda wa kujifunza, chakula cha mchana. Hakuna kinachoandikwa. Mwanafunzi akishaanza kuwa na mkono mzuri, anakuwa faida kwa ateliye, na siku ya kumuachilia inasogezwa mbele. Kuna upande wa pili pia: fundi anapoteza mwaka mzima kumfundisha kijana, naye anaondoka pale tu anapoanza kuleta faida. Pasipo karatasi, kila upande unaogopa kudanganywa na mwenzake.

Kituo: breve nyingi, mashine chache

Vituo vya mafunzo navyo vina kazi yao nzuri. Vinapokea vijana ambao ateliye isingewapokea: wasichana waliozaa mapema, watoto waliotoka katika makundi yenye silaha, waliokimbia vita kutoka nyanda za juu au bonde la Ruzizi. Vinafundisha kusoma na kuhesabu pamoja na kazi. Don Bosco Ngangi, mjini Goma, ni mfano unaojulikana mashariki yote ya Kongo kwa kuunganisha hifadhi ya watoto na mafunzo ya kazi. Bukavu nayo ina Institut Technique Fundi Maendeleo, jina linaloonyesha wazi kwamba hapa wazo la kufundisha ufundi si geni.

Lakini vituo vingi vidogo vinakumbwa na matatizo yanayofanana. La kwanza ni uchaguzi wa kazi. Kushona, kusuka nywele na kutengeneza sabuni vinafundishwa karibu kila mahali kwa sababu vifaa vyake ni vya bei nafuu na darasa moja linaweza kubeba watu wengi. Matokeo yake ni mafundi wengi wa kushona kwenye barabara moja, wakigawana wateja wale wale, wakati mwenye mtumbwi anayetafuta fundi wa injini anazunguka mji mzima.

La pili ni mashine. Wanafunzi 30 wakiwa na mashine 5 za kushona, na kila siku wakifanya kazi saa 4, kila mmoja anakaa kwenye mashine dakika 40 tu kwa siku. Kwa miezi sita, mwanafunzi huyo atakuwa ameitumia muda ambao mwenzake wa ateliye anaumaliza kwa wiki chache. Ongeza siku ambazo umeme haupo na jenereta haina mafuta, utaelewa kwa nini patroni wa ateliye haamini breve.

La tatu ni mwisho wa mradi. Makuta ya wafadhili yanahesabu watu waliofundishwa. Ripoti inasema wangapi waliandikishwa, wangapi walipata breve, wangapi walipewa kiti cha vifaa. Mara chache inasema wangapi bado wanafanya kazi hiyo baada ya miezi sita. Kijana anayepewa mashine peke yake, bila nyumba ya kufanyia kazi, bila mtaji wa kitambaa wala mtu wa kumshauri, ana sababu nyingi za kuiuza nyumbani kukikosa chakula. Kumlaumu ni rahisi. Kosa lilianza pale vifaa vilipohesabiwa kuwa mwisho wa safari, na safari ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Sheria ipo, makuta yapo, mlango ni mwembamba

Kongo haikukosa sheria. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 ina sehemu nzima kuhusu mkataba wa kujifunza kazi. Inamtaka mwenye kazi amfundishe mwanafunzi kwa utaratibu na kwa ukamilifu, na inataka mkataba huo uwe wa maandishi. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 kuhusu elimu ya taifa inatambua mafunzo ya ufundi, pamoja na elimu isiyo rasmi kwa walioacha shule.

Chombo cha serikali kwa kazi hiyo ni INPP, yaani Taasisi ya Taifa ya Maandalizi ya Kazi, iliyoundwa tarehe 29 mwezi wa sita 1964, miaka minne baada ya uhuru, nchi ilipokuwa inatafuta watu wa kushika nafasi za mafundi wa kikoloni walioondoka. INPP inaishi kwa mchango wa waajiri, asilimia 1 hadi 3 ya mishahara kulingana na aina na ukubwa wa kampuni. Mpango huo una mantiki: anayetumia mafundi achangie kuwafundisha. Shida yake kwa mji kama Uvira inaonekana mara moja. Mchango unatoka palipo na kampuni kubwa na mishahara inayoandikwa. Ateliye ya Kasenga haina mishahara ya namna hiyo, kwa hiyo haichangii, na si rahisi ifikiriwe katika kugawa huduma.

Hapo zamani kiwanda cha sukari cha Kiliba, kaskazini ya mji, kilikuwa mwajiri mkubwa wa eneo hili. Kiwanda cha namna hiyo kinahitaji mafundi wa mitambo, wa umeme, wa magari na wa mabomba, na kila mmoja wao anafundisha wengine. Kilisimama vita vilipoanza mwaka 1996. Kiwanda kikifungwa, mji unapoteza mishahara, na pia unapoteza mahali ambapo vijana walikuwa wanajifunza kazi kwa wakubwa wao.

Usimamizi nao umegawanyika. Shule za sekondari za ufundi ziko chini ya wizara ya elimu. Mafunzo ya kazi yana wizara yake. Vituo vya watoto na vijana walioacha shule vinaangaliwa na wizara ya mambo ya kijamii. Kijana mmoja anaweza kupita katika milango mitatu, na karatasi ya mlango mmoja isitambuliwe kwenye mwingine.

Wakati huo huo, idadi ya wanaobisha hodi inaongezeka. Masomo ya msingi yalianza kutolewa bure mwezi wa tisa 2019. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka huo, na ambao hawakurudia darasa, walimaliza la sita mwaka 2025. Mbele yao kuna miaka miwili ya kumalizia elimu ya msingi, kisha miaka minne ya humanites, ambayo mzazi anatakiwa kulipia. Wengi hawatafika huko. Wataenda ateliye au kituoni, au hawatakwenda popote.

Na vita vimefanya yote kuwa magumu zaidi. Bukavu, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kusini, ilichukuliwa na AFC/M23 mwezi wa pili 2025. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo waasi hao waliingia Uvira, wakaondoka mwezi uliofuata. Watu wengi walikimbilia Burundi. Fundi anayekimbia anabeba nyundo na msumeno. Mashine ya sudire na jenereta anaziacha, na akirudi si hakika atazikuta. Lakini ujuzi ni mali ambayo hakuna anayeweza kuipora, na ndiyo maana kuuthibitisha kwa karatasi inayoweza kubebwa ng'ambo ya mpaka kuna maana kubwa kwa watu wa hapa kuliko kwa watu wa miji yenye amani.

Wengine wamefanyaje

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya ziwa. Tanzania iliunda mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, VETA, kwa sheria ya mwaka 1994. Huko pia waajiri wanachangia kupitia kodi ya kuendeleza ujuzi, ambayo kiwango chake kilishushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Lakini jambo linaloihusu zaidi Kasenga ni lingine. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi aliyejifunza kazi gereji au kwa mjomba wake anapimwa kwa vitendo. Anachokijua kinaandikwa, asichokijua anafundishwa kwa muda mfupi, kisha anapata cheti. Hatakiwi kurudi darasani kwa miaka miwili kujifunza kushika nyundo ambayo ameishika tangu utoto.

Benin, nchi inayotumia Kifaransa kama Kongo na yenye ateliye nyingi ndogo, ilienda njia nyingine. Tangu miaka ya 2000 imeweka mafunzo ya sehemu mbili: kijana anabaki ateliye siku nyingi za wiki, na kwa muda mfupi anakwenda kituoni kujifunza michoro, hesabu, vipimo na usalama. Mwisho wake kuna mtihani unaotambuliwa na taifa. Fundi mkuu hanyang'anywi mwanafunzi wake. Anarudishiwa mwanafunzi anayejua kusoma mchoro.

Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo nambari 208 kuhusu mafunzo bora ya kazi, linalosisitiza makubaliano ya maandishi, ulinzi wa mwanafunzi na kutambuliwa kwa alichojifunza. Ni mambo yale yale ambayo Kanuni ya Kazi ya Kongo ilikuwa imeanza kuyasema miaka 21 kabla.

Yanayowezekana kuanzia ngazi ya kata

Mengi kati ya hayo hayangoji Kinshasa. Chefu wa kata, chama cha mafundi na mashirika ya kiraia wanaweza kuanza kwa orodha: ateliye ngapi ziko Kasenga, zinafanya kazi gani, zina wanafunzi wangapi. Orodha hiyo peke yake ingeonyesha kazi zilizojaa watu na kazi zinazokosa watu, kabla mradi mwingine haujaleta cherehani nyingine.

Hatua ya pili ni mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, uliotiwa sahihi na mzazi, fundi na kiongozi wa kata: muda wa mafunzo, kiasi cha kulipa, kazi zitakazofundishwa, na siku ambayo mwanafunzi ataanza kupata sehemu ya malipo. Sahihi hiyo inamlinda kijana asigeuzwe mfanyakazi wa bure, na inamlinda fundi asiachwe kabla ya muda.

Ya tatu ni kubadilishana siku. Kituo chenye darasa lakini mashine chache kinaweza kupokea wanafunzi wa ateliye siku moja kwa wiki kwa hesabu, vipimo na devi, kisha kikapeleka wanafunzi wake ateliye kwa staji ya kweli, ya miezi na si ya siku chache.

Ya nne ndiyo nzito: mtihani. Breve itaheshimiwa pale anayeitoa asipokuwa yule aliyefundisha. Baraza la watahini lenye mafundi wawili wa nje, mwalimu wa shule ya ufundi na mtu wa serikali, likimpa kila mtahiniwa kazi ileile ya kufanya kwa mikono mbele ya watu, lingekuwa na uzito hata kabla ya kutambuliwa kitaifa. Lakini lisipopata muhuri wa INPP au wa wizara, uzito huo utaishia Kavimvira, mpakani. Hapo ndipo serikali haiwezi kukwepa.

Vikwazo havikosekani. Kuna mafundi wanaoogopa kwamba kijana mwenye karatasi atafungua ateliye mkabala na ya kwao. Hofu hiyo ina msingi, na haiondolewi kwa hotuba. Inapungua pale fundi mkuu anapopata naye cheti chake, mafunzo mapya na malipo kidogo kwa kufundisha. Kuna pia hatari ya rushwa, kwani breve inayonunuliwa ni mbaya kuliko kukosa breve. Ndiyo maana mtihani wa vitendo mbele ya watu una faida: ni vigumu kununua mlango ambao haufungi.

Wasichana wanahitaji kufikiriwa mapema. Mara nyingi wanapelekwa kwenye kushona bila kuulizwa. Umeme wa jua, kutengeneza simu na bomba ni kazi wanazoziweza sawasawa, kama saa za masomo zinawaruhusu kurudi nyumbani kabla ya giza, kama kuna mahali pa kumuacha mtoto, na kama mkataba unakataza waziwazi fundi kumsumbua mwanafunzi wake.

Kabla mzazi hajalipa

Wakati mpango huo haujafika, mzazi wa Kasenga anayejiandaa kumpeleka mtoto wake kujifunza kazi anaweza kujilinda kwa maswali matano. Mashine ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Siku ngapi kwa wiki mtoto atashika chombo kwa mikono yake mwenyewe? Makubaliano yataandikwa? Nani atatoa mtihani, na breve itakuwa na muhuri wa nani? Na wale waliomaliza mwaka uliopita, wako wapi leo?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Kituo kizuri au fundi mzuri atataja barabara, ateliye na kazi wanazofanya, na mzazi anaweza kwenda kuwaona kwa macho yake kabla ya kutoa hata franka moja.